Muvi ya Wachimbaji na Kanda ya Mzee Jilala

Nimeshaona watu wakilia kwenye muvi. Nimeshaona mtu anarusha kandambili kwenye TV kisa adui kamuua stelingi.

Ila mtu kuiamkia TV, sikuwahi.

Mpaka Ijumaa ile.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu alisimama katikati ya darasa, akamwangalia mzungu mmoja mwenye masharubu, mzungu wa muvi ya zamani isiyo hata na rangi, akasema kwa sauti ya chini kabisa: "Shikamoo."

Hakuna aliyecheka. Na hilo darasa, nawaambia, lilikuwa linacheka kila kitu.

Ngoja niwapeleke taratibu.

Naitwa Enock. Nina kibanda Kahama, sio mbali na stendi. Nawawekea watu muvi na nyimbo kwenye flash na kwenye simu. Simu yangu mwenyewe haitoki mkononi, mama alishasema siku nikifa nizikwe na chaja.

Dada yangu Dorah ndiye wa kwanza kwetu, mimi ndio kitinda mimba. Yeye ni mwalimu wa Historia kwenye sekondari ya kata huko Geita, kwenye machimbo kabisa. Jina la kijiji nalihifadhi. Wanaokijua, naomba msilitaje kwenye komenti.

Jumapili moja akanipigia.

"Enock."

"Naam dada. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe si unajiita mfalme wa muvi?"

"Wateja ndio wananiita."

"Haya mfalme. Nitafutie muvi."

Nikamuuliza inaitwaje. Hajui.

Kacheza nani? Hajui.

Lugha gani? Hajui. Lugha ya wazungu fulani, ila sio Kiingereza na sio Kifaransa.

"Sasa dada, unajua nini?"

Akavuta pumzi. Dada yangu siku hizi akivuta pumzi kwenye simu unasikia kabisa kwamba huyu mtu kachoka, kachoka ule uchovu ambao kulala hakuuondoi.

"Ni nyeusi na nyeupe," akasema. "Wachimbaji wanafukiwa chini. Juu watu wao wanasubiri. Kuna mtoto amesimama getini, ameshika koti la baba yake. Basi."

Muvi hiyo aliiona zamani, akiwa chuo cha ualimu. Kulikuwa na mzungu wa kujitolea akifundisha pale, akawawekea siku moja. Dada anasema lilikuwa darasa la watu wazima, wanaume na midomo yao, na mpaka inaisha hakuna aliyetoka hata kwenda chooni.

Sasa aliitaka ya nini?

Kijijini kwao kulikuwa na rasha.

Kwa wasiojua, rasha ni hivi: mtu mmoja akiokota dhahabu mahali, kesho yake dunia nzima imehamia pale na sepeto. Na wanafunzi nao ni dunia. Kidato cha tatu cha dada kilikuwa kinapukutika. Leo dawati hili tupu, kesho lile. Alishaongea na wazazi, alishaita vikao, alishafuata vijana mpaka mdomoni mwa duara, lile shimo lao la kuchimbia, akaishia kuambiwa, "Madam, mshahara wako kwa mwezi mimi naupata kwenye kiroba kimoja."

Wengine aliwanyooshea mikono. Ila kuna mmoja aligoma kumwachia.

Januari.

Kijana mpole, kichwa kweli, anaishi na mama yake tu. Anaisoma Historia kama mtu anasoma meseji za mpenzi wake. Huyu naye alishasema anaondoka. Jumamosi ile inayokuja, na kundi la vijana, kwenda kuchimba.

Na haendi rasha ya pale. Anakwenda Chunya.

"Chunya, Enock," dada akaniambia. "Mbeya huko. Dhahabu iko nyuma ya choo cha shule, yeye anaifuata Chunya. Nimemuuliza kwa nini, anaangalia chini."

"Na unadhani muvi itamzuia?"

"Maneno yangu yameisha," akasema. "Labda aone kwa macho."

Nikamwambia dada tulia, hiyo kazi ndogo.

Haikuwa ndogo.

Nilipekua kila kona ya mtandao. Unatafutaje kitu ambacho hakina jina? Niliandika "wachimbaji", nikaandika "mtoto koti", nikaandika kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Nilipata kipande kifupi cha muvi moja, nikamtumia. Akajibu: "Sio. Hii ina rangi."

Nikapeleka tangazo kwenye grupu letu la WhatsApp la wenye vibanda vya muvi, Shinyanga yote mpaka Geita. Bora nisingepeleka. Mmoja akanitumia ya maninja. Nikamwambia kaka humu hakuna wachimbaji.

Akajibu: "Vumilia mpaka mwisho, wanachimba kaburi."

Mwingine akaniuliza kama mimi ni mzima.

Kumbe dada naye huko alikuwa hajalala. Alipiga simu chuoni, akapewa namba ya huyu, huyu akampa ya yule, mpaka akapata habari kwamba yule mzungu alipoondoka kanda zake alimwachia dereva wa chuo. Dereva ni Mzee Maganga, ameshastaafu, anauza mchele.

Wapi? Kahama. Mtaa wa pili kutoka kwangu. Nanunua kwake mchele kila wiki.

Nikaenda mbio.

"Kanda?" Mzee Maganga akafikiri. "Aaa, zile. Mimi sikuwa na deki, nilikuwa nazuilia mlango. Jilala akazikuta pale mlangoni akaniomba."

"Jilala gani?"

"Wewe mtoto unauza muvi humjui DJ Jilala? Alikuwa na banda lake huko machimboni. Sasa yuko Tinde, anauza chumvi ya ng'ombe mnadani."

Jumatano dada akaomba ruhusa akaja. Aliposhuka kwenye basi Kahama nilimpita bila kumjua, vumbi lilikuwa limempaka mpaka kope. Tukaunganisha Tinde. Alisinzia njia nzima mdomo wazi, na mkoba wa madaftari ya kusahihisha kaukumbatia.

Mnadani tulimkuta Mzee Jilala kakaa nyuma ya mawe yake ya chumvi. Mtu mrefu, mwembamba, sauti kama ngoma. Akikusalimia unahisi anatangaza.

"Mwadila, baba," dada akamsalimia Kisukuma.

"Mwadila, mayu. Ng'ombe wako wangapi?"

"Sina ng'ombe, baba. Nimefuata muvi."

Mzee akacheka. "Muvi? Nimeacha siku nyingi. Zamani nilikuwa naongeza chumvi kwenye muvi, sasa nawauzia ng'ombe."

Nyie mliozaliwa na simu janja mkononi, sikilizeni. Wazee hawa ndio walikuwa wanatutafsiria muvi. Mzee Jilala alikuwa na deki mbili na maiki. Deki hii inacheza, ile inarekodi, yeye katikati anamwaga Kiswahili juu ya sauti za wazungu.

Nikamuuliza, "Mzee, kwani lugha zao ulikuwa unazijua?"

"Nijulie wapi? Unamwangalia mtu usoni. Akikunja uso, unampa maneno ya ugomvi. Akilainika, unampa ya mapenzi. Mchina na Msukuma wakikasirika wanafanana."

Nilimpenda hapohapo.

Dada akamweleza: nyeusi na nyeupe, wachimbaji, mtoto na koti.

Kicheko cha mzee kikakatika.

"Ipo," akasema.

Dada alifumba macho. 

"Shule yako iko wapi, mayu?"

Dada akakitaja kijiji.

Mzee alikuwa ameshika jiwe la chumvi anampimia mteja. Akaliweka chini. Mteja akamwambia mzee vipi, akamwambia subiri.

"Kule bado wanachimba?"

"Wanachimba, baba. Hadi wanafunzi wangu. Ndio maana nimekuja."

Akasema, "Ile kanda nimeongea juu yake. Yale sio maneno ya muvi."

Mimi na mdomo wangu nikacheka. "Mzee, lini DJ alitafsiri maneno ya muvi?"

Hakucheka.

"Isikilizeni kwanza ninyi wakubwa," akamwambia dada, mimi hakunitazama tena. "Mkiona inafaa, waonyesheni. Mkiona haifai, muichome."

"Tutaisikiliza, baba," dada akasema. Na alimaanisha, namjua.

Akatuongoza mpaka kwake. Kanda ilikuwa imefungwa ndani ya mfuko wa rambo, juu ya mfuko kuna kitambaa. Akampa dada kwa mikono miwili.

"Nimekaa nayo muda mrefu mno," akasema. "Ichukue."

Sasa kanda tunayo. Deki hatuna.

Mwaka huu wa leo, nani ana deki ya kanda? Alhamisi nzima nazunguka. Kahama nikaambiwa nenda Geita. Geita kuna fundi mmoja alikuwa nayo, imelaza panya, akaisafisha kwa pamba na spiriti huku ananihakikishia kwamba inacheza. Ila haichezi mpaka uipashe moto kwanza. Ijumaa saa sita mchana ndio natoka kwa fundi, nimepanda bodaboda, deki nimeipakata kama mtoto mwenye homa.

TV ya chogo dada alishaazima kwa masista wa parokia. Mkuu wa shule kampa vipindi viwili vya mwisho. Januari anaondoka kesho yake asubuhi.

Mnaona hesabu ilivyokuwa?

"Tuisikilize kidogo kwanza," dada akasema, wakati naunga nyaya. Tukaiweka. Ikaanza na mikwaruzo, kisha sauti ya Mzee Jilala akiwa kijana: "Karibuni, karibuni, mwenye kiti akae, asiye na kiti amkalie mwenzake." Wazungu wamepanga mstari wanaingia mgodini, yeye anasema, "Hawa wote hawajanywa chai, waangalie mashavu."

Dada akatabasamu. Kengele ikagongwa. Wanafunzi wakaanza kusukumana mlangoni.

"Basi," akasema. "Waingie."

Habari za muvi zilishasambaa. Hata walioacha shule walirudi, wengine na mabuti yana tope la duara. Vitenge vikafungwa madirishani. Januari akakaa nyuma kabisa. Simu yangu nikaisimamisha kwenye kopo la chaki nirekodi, si mnanijua.

Robo ya kwanza ilikuwa kicheko kitupu. Bosi wa mgodi, Mzee Jilala kamwita Kitambi cha Serikali. Mke wa bosi kampa maneno ya umbea wa bombani. Darasa linalia machozi ya kucheka, dada kasimama pembeni kajishika shavu, ananiangalia kama anauliza hivi hiki ndicho nilichokifuata Tinde?

Ikafika mgodini ndani. Kijana mmoja wa mabuti akanyoosha mkono.

"Madam, hayo matimba wameyapanga vibaya."

Matimba ni yale magogo ya kuzuia duara lisishuke.

"Tuangalie, Magesa," dada akasema.

"Madam, nakwambia. Hapo linakata."

Likakata. Udongo ukashuka, vumbi likajaa kwenye TV. Darasa likampigia Magesa makofi.

Dada akakaa kwenye kiti. Nilimwona anavyokata tamaa. Alileta muvi iwatishe, wao wanaikagua kama mainjinia.

Halafu sauti ya Mzee Jilala ikabadilika.

Kwenye muvi, wale waliofukiwa wana bomba la chuma, wanaliongelea, sauti inatoka juu kwa wenzao. Mzungu mmoja akasogeza mdomo kwenye bomba. Mzee Jilala hakutania tena. Akaongea polepole, kama mtu aliyetumwa.

"Anasema: mimi naitwa Mageni, wa Bariadi. Tuko wanne. Mguu wangu umebanwa. Baiskeli yangu iko kwa fundi, mdogo wangu akaichukue."

Darasa likapoa.

Mzungu wa pili akasogea. Mwenye masharubu.

"Anasema: mimi Selestine, wa Bukombe. Mwambieni Paskazia leo asiniwekee chakula. Na Januari asikae tena pale barabarani kunisubiri. Malori ya mawe yanapita kasi."

Hapo ndipo Januari aliposimama.

Shikamoo yake mmeshaisikia.

Alikuja mbele katikati ya madawati, watu wanampisha. Akasimama karibu na TV.

"Madam," akasema. "Rudisha."

Mimi nikarudisha. Yule mwenye masharubu akayasema tena yaleyale. Paskazia. Chakula. Barabarani. Malori.

"Rudisha tena."

Nikabonyeza. Deki ikakoroma. Nikaivuta kanda, ikatoka na utumbo wote nje, imekatika, imejikunja kama majani ya chai. TV ikabaki chenga tupu.

Januari akamgeukia dada.

"Mama anasema yuko Chunya."

Sijui niwaelezeje uso wa dada yangu. Wiki zote zile alikuwa anapigana na dhahabu. Kumbe mtoto hakuwa anafuata dhahabu. Alikuwa anamfuata baba yake.

Nikatoka nje nikampigia Mzee Jilala.

"Mzee, kanda imeliwa na deki."

"Mlikuwa mmeshaisikiliza?"

"Tumesikiliza na wanafunzi. Kuna mtoto humo anaitwa Januari," nikasema.

Nikaangalia simu kama haijakata.

"Alikuwa mdogo hivi," mzee akasema. "Alikuwa anakaa kwenye jiwe pale barabarani." Halafu akasema, "Nakuja."

Jumamosi gari la Chunya liliondoka na wenzake. Januari hakupanda. Kakaa kwenye ngazi ya nyumba ya dada tangu asubuhi, begi liko miguuni, hasemi na mtu. Hajamwambia mama yake kitu. Dada alimletea chai ikapoa, akaipasha, ikapoa tena.

Mzee Jilala akashuka na basi la mchana. Akamwangalia kijana, akamshika bega. Tukaenda wanne mpaka kwa mama yake.

Mama Januari alikuwa uani anachambua dagaa. Akatuona, mwalimu, mzee mgeni, mimi na simu yangu.

"Karibuni. Kama ni mchango wa shule, mwalimu, leo hamnipati."

"Sio mchango, mama," dada akasema.

Mzee Jilala akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. "Mayu, wewe ndiye Paskazia?"

Mikono ikasimama kwenye dagaa. Pale kijijini wote wanamwita Mama Januari. Machimboni watu huja na kuhama, waliokuwepo miaka ile wameshafuata rasha nyingine huko na huko. Jina lake la msichana hakuna aliyebaki nalo.

"Nani mwenzangu?"

"Mimi Jilala. Nilikuwa na banda la video ng'ambo ya mlima."

"Nakukumbuka. Ulikuwa unapiga kelele."

"Ndiyo. Nimekuja kwa habari ya Selestine."

"Selestine yuko Chunya," akasema harakaharaka. Hilo jibu lilikuwa limekaa mdomoni siku zote. "Kuna watu walimwona."

"Nani alimwona, mayu?"

"Watu."

Mzee akainamisha kichwa. Akaanza kusema, na ile sauti yake ya ngoma hakuitumia, mpaka tukasogea.

Siku duara lile lilipokata, walikimbilia bandani kwake kwa sababu yeye ndiye alikuwa na jenereta. Akazima muvi, wakalibeba jenereta mpaka mdomoni mwa duara, wakawasha mashine ya kusukuma hewa. Kulikuwa na mpira umeshuka chini. Hewa inaingia kwa mpira, na mashine wakiizima kidogo, sauti zinapanda kwa mpira uleule. Yeye ndiye alikuwa ameushika. Kila mmoja wa wale wanne akasema lake. Wakachimba, udongo unashuka, wakachimba, udongo unashuka. Mwishowe mpira ukanyamaza.

Watu wakatawanyika, wanaogopa polisi. Mwenye duara alikimbia. Waliofukiwa hawakutolewa mpaka leo.

"Na wewe?" Mama Januari akauliza. "Ulibaki na maneno ya mume wangu mfukoni?"

"Nilifika hapa kwako mara mbili. Nikafika mpaka pale kwenye uzio, nikarudi." Mzee akajifuta uso. "Mayu, mimi sikujua kuingia nyumba ya mtu na habari kama ile. Nilijua kutafsiri muvi. Nikayaweka kwenye muvi, nikasema utakuja bandani utayasikia. Hukuja."

"Nisingekuja. Nilikuwa namsubiri mume wangu nyumbani."

Kuku anadonoa dagaa, hakuna aliyemfukuza.

"Alisemaje?" akauliza.

"Alisema: mwambieni Paskazia leo asiniwekee chakula."

Mama Januari akamtazama. Halafu, aisee, akacheka. Kicheko kifupi, kama mtu kakumbushwa utani. Akajiziba mdomo kwa mkono wenye magamba ya dagaa.

"Asubuhi ile tuligombana," akasema. "Alikuwa na tabia ya kurudi amechelewa. Nikamwambia, leo ukichelewa, ujue hukuti chakula. Tulikuwa wawili tu ndani. Mtoto alikuwa amelala."

Akarudia polepole, "Asiniwekee chakula."

Akawa hacheki tena.

"Ni yeye huyo," akasema. "Mtu mwingine angejuaje?"

Januari alikuwa bado kasimama kwenye uzio na begi lake. Mama yake akamwita. Akamwangalia juu mpaka chini, kama anampima alivyorefuka.

"Kuna mtu aliniambia msiba bila kaburi haukaliwi," akamwambia. "Nikaona basi, kama haukaliwi, hajafa. Nikakwambia Chunya. Kila ukiuliza nakwambia Chunya, mpaka na mimi nikawa naiona hiyo Chunya."

Kijana aliinama akaokota ungo wa dagaa chini, akauweka juu ya paa kuku wasiufikie.

"Weka begi ndani," mama akasema. "Halafu nenda nyumba ya jirani, uwaambie hapa kwetu kuna msiba."

Mpaka jua linazama turubai lilikuwa limefungwa. Wanawake wamekuja na kuni na unga, wanaume wamekaa kwenye magogo. Waliofika baadaye walikuwa wanauliza marehemu ni nani, wakiambiwa wanauliza amefariki lini, wakiambiwa wananyamaza na kukaa. Mzee Jilala alikesha nao. Kila aliyetaka kusikia alimwambia maneno ya wale wanne, moja moja, na safari hii hakuongeza chumvi.

Dada yangu alilala ameketi, kaegemea nguzo ya turubai. Nadhani ndio usingizi wake wa kwanza wa kweli tangu rasha ianze.

Sasa msidhani kwamba shule ilijaa. Jumatatu iliyofuata Magesa na wenzake wawili walirudi kwenye duara, na wanasema sasa matimba wanayapanga vizuri zaidi. Muvi haikumzuia mtu. Na hata ile video niliyorekodi imetoka giza na kikohozi cha watu, kwa hiyo msiniombe inbox.

Januari alirudi darasani matanga yalipoisha. Dada anasema sasa anauliza maswali.

Mimi nilichoondoka nacho ni hiki, na nimekipata kwa kuzunguka sana. Mtoto akikwambia anaondoka, usikimbilie kumtisha na mashimo ya huko anakokwenda.

Muulize kwanza anamfuata nani.